Nzuri, Ila

"Habari za asubuhi, Febronia. Habari za Rungwa?"

Simu ilimkuta juu ya mkeka wa matanga, mkononi ana kikombe cha uji alicholetewa na majirani. Jana walimzika Chediel, mumewe, mlina asali aliyetoka porini mzima wa afya, kuhara kukammaliza kabla ya Jumapili. Febronia akajibu kama alivyojibu maisha yake yote.

"Nzuri, ila tume..."

"Asante. Siku njema," ilisema sauti, ikakata.

Hakukasirika. Hakuhisi kitu. Tangu jana mwili wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Aliiweka simu chini akanywa uji, wala hakujua kama ulikuwa na sukari.

Sauti ile haikuwa ya mtu. Ilikuwa akili mnemba, imeletwa na mradi mmoja wa afya ili vijiji vya mbali navyo visikike. Kila asubuhi huwapigia wahudumu wa afya wa vijiji kama Febronia, huwasikiliza, hupima ni wapi mlipuko unakaribia, na dawa hupelekwa huko. Jambo jema, nani apinge? Lakini jamani, nani Rungwa amewahi kusalimiwa akaanza na msiba? Unasema nzuri kwanza, hata kama nyumba inaungua. Ubaya unakuja baada ya ila.

Mchana akafika Laurian, kijana wa mradi, kwa pikipiki, kukagua simu za wahudumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kwenu Unyambwa?"

"Nzuri, ila mama amelazwa." Ndipo akawaona wanawake mkekani. "Mama Febronia, kuna nini hapa?"

Akamweleza bila kupandisha wala kushusha sauti. Chediel hayupo. Mtoto wa Severina, jirani yake, anaharisha maji matupu tangu alfajiri. Wapo na wengine. Zahanati, dripu zimekwisha.

Laurian alifungua kishikwambi chake. Ramani ilionyesha vijiji vya karibu na mji vyekundu, kwenye mlipuko. Rungwa ilikuwa ya kijani.

"Imesikia nzuri, ikatosheka," alisema. "Waliifundisha kwa sauti za watu wa mijini, wanaojibu walichoulizwa tu. Hakuna aliyetuuliza sisi tunasalimianaje. Na mimi nilikuwapo, sikukumbuka."

"Basi ibadilishe."

"Sina ruhusa hiyo." Alisogea pembeni akawapigia wakubwa wake, akarudi ameinamisha kichwa. "Wanasema gari la dawa litafuata ramani. Kesho itakupigia tena, mama. Uanze na ubaya."

Siku nzima Severina alimnywesha mwanawe maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Asubuhi iliyofuata alikuja kuketi ubavuni mwa Febronia, mtoto mapajani, macho ya mtoto yamezama. Simu ikaita.

"Habari za asubuhi, Febronia. Habari za Rungwa?"

Mdomo ulikwishajiandaa kulisema neno lile. Aliona aibu, kama mtu anayemfungia mgeni mlango. Akalimeza.

"Mbaya."

Sauti ikasema jambo ambalo hakuwahi kulisikia kwake.

"Pole sana. Wagonjwa ni wangapi?"

Akawataja, mtoto wa Severina akiwa wa kwanza.

"Waliofariki?"

"Chediel."

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali taja idadi."

Febronia alitazama mkeka, akatazama upande wa pili wa ua, kwenye mizinga ambayo mumewe hakuwahi kuipandisha mtini.

"Mmoja," alisema, na hapo hapo kilio kikamtoka, kile ambacho makaburini watu walikingoja wakakikosa. Kilimtikisa mabega hadi uji wa asubuhi, uliokuwa mkononi, ukamwagika.

"Samahani," ilisema sauti. "Sijaelewa."

Severina alimhamishia mtoto begani, akainama juu ya simu.

"Amesema mmoja," alisema. "Leteni dawa."