Jicho Lililokwenda Kabatini
...na bado Mwalimu Matthias analiita jina lake kule jukwaani, Talitha Ngoie, darasa la tano, kana kwamba hamwoni alivyoketi mstari wa tatu na karatasi mkononi, waandishi waliotoka Lubumbashi wamegeuza shingo wanasubiri, tamasha la waandishi hapa Kamina, katikati ya vita, nani angeamini, darasa zima lilikuja kwa miguu likiimba ila yeye, maana alijua Mama Clémentine atakuwapo, na kweli yupo, kitambaa kipya kichwani, kaja kusikia habari za mwanawe Malachie zikisomwa mbele za watu, jinsi alivyoinuka darasani siku wanajeshi wa Base, ile kambi ya jeshi, walipokuja kutafuta vijana, akasema nakwenda kuipigania nchi, ndivyo alivyoandika Talitha, mwalimu akampa kumi na nane juu ya ishirini... uongo, Mungu wangu, uongo mtupu, Malachie hakuinuka, alijikunja nyuma ya kabati la ramani, na yule askari mrefu akasimama mbele ya Talitha, si mbele ya mwingine, akauliza kwa upole kabisa, "Mutoto moya anakosekana, iko wapi?", naye hakufungua kinywa, hata leo anaweza kuapa, jicho tu ndilo lililokwenda kabatini, mara moja, likarudi, likatosha, kisha viatu vya Malachie vikiburuzwa sakafuni, miezi minne sasa, hata barua hakuna... "Talitha, banakuita, simama," Denise anamsukuma kwa kiwiko, na Mama Clémentine kule mbele amegeuka, anatabasamu, "Soma, mwana wangu, soma," uso umekonda vile, laiti angemtukana, laiti angemtemea mate... "Soma tu," Denise ananong'ona tena, "mama yake hajue. Siye njo tunajua, na hatutasema."

Siye... kumbe waliona, Talitha anageuka, Kapenda anainamisha kichwa, Lise anatazama dirishani, miezi minne wanamwazima kalamu, wanacheka naye, na wanajua, yeye alidhani kaubeba mzigo huu peke yake, lakini nafuu haiji, inakuja aibu kubwa zaidi, darasa zima limemfungia mama huyu mlango, na yeye ndiye kauandika uongo kwa mwandiko mzuri, jina linaitwa mara ya tatu, bado ameketi, bado anaogopa, ila karatasi hii haisomwi tena, akisimama atamwambia mama wa watu jambo moja kwanza, kwamba Malachie hakutaka kwenda.