Sifuri Sabini na Nne za Mama Elisabeth

Vumbi la Bunia halibishi hodi, linaingia tu. Mwezi wa pili, mvua ikiwa bado mbali, pikipiki zinapita tangu alfajiri na kila moja inatuachia fungu letu, jekundu, laini, la kuganda mpaka kwenye kope. Divine alifuta meza kwa kiganja kabla ya kufungua daftari, akafuta tena, na bado ukurasa ukabaki na rangi ya mji wake.

Ngoja nikuonyeshe chumba chenyewe, maana bila chumba hutaelewa kitu. Kilikuwa nyuma ya maktaba ya chuo, chembamba, chenye soketi moja tu iliyokubali kufanya kazi. Wengine wangeita shida. Mimi naita bahati, na usinicheke kabla sijamaliza. Kwa ajili ya soketi hiyo, watu watatu ambao katika vyuo vingine wangepishana mlangoni kwa bonjour ya haraka walikaa meza moja, magoti yakigusana, waya zao zikiwa zimesukana sakafuni.

Divine alisoma mvua. Yannick alisoma kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuifundisha isome mwandiko wa kalamu ya biki kwenye madaftari ya zamani. Chancelle alitoka upande wa kazi za jamii, na yeye alisoma kusikiliza: aliwafuata akina mama waliokimbia vita na watoto mgongoni, akawauliza walipita wapi, walikula nini, nani aliwafungulia mlango. Meza moja, soketi moja, na mchana mzima hakuna aliyemuuliza mwenzake anafanya nini hasa.

Mvua yote ya Divine ilikuwa imeandikwa na mtu mmoja, Mama Elisabeth wa kituo cha mbegu, pale mji unapoanza kuwa mashamba. Saa moja asubuhi, kila siku, kwa miaka thelathini na moja, mama huyo alitoka na kitenge chake mabegani, akaenda kwenye kopo la chuma la kukinga mvua, lililosimama juu ya kigingi, akamimina maji yake kwenye chupa yenye mistari, akainama mpaka jicho likalingana na maji, akaandika. Jumapili aliandika kabla ya ibada. Siku ya harusi ya binti yake aliandika, ndipo akaenda kuvaa. Asubuhi aliyofiwa na mume aliandika milimita kumi na mbili, halafu akarudi ndani kulia.

Siku elfu kumi na moja na zaidi, madaftari kumi na sita, mshahara wa kuchelewa, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Nasema kwa wivu kabisa: mimi sijawahi kufanya kitu kila siku kwa miaka thelathini na moja, labda kula.

Ndani ya madaftari hayo Divine aliokota ukame. Mwaka ule wa vita, 2003, tangu tarehe sita ya mwezi wa tano hadi tarehe kumi na nane ya mwezi wa saba, sifuri. Siku sabini na nne bila tone, tena katika miezi ambayo mahindi ya jimbo la Ituri hunywa. Kwenye mchoro wake palionekana shimo, na miaka mingine yote aliipima kwa shimo hilo.

Msimamizi wake, Professeur Bruno, mtu asiyetoa sifa hovyo, aliutazama mchoro kwa muda mrefu. “Hii njo kazi,” alisema, yaani hii ndiyo kazi hasa. Basi tasnifu ikaitwa ukame, sura zake zikawa ukame, na siku ya kuitetea mbele ya maprofesa ikapangwa. Zilibaki siku tisa.

Sasa sikia. Ilikuwa alasiri, joto limewalegeza wote. Chancelle alikuwa anaandika maneno aliyoyarekodi, na ana tabia ya kuyasoma kwa sauti ya chini ili asimpoteze aliyeyasema. Alisoma: “Tulilala chini ya mti, mvua ikatupiga mpaka asubuhi. Nilivua kitenge nikamufunika mutoto. Mi nikabakia na mvua.”

Divine aliinua kichwa. “Soma tena.”

Chancelle akasoma tena.

“Ile ilikuwa tarehe ngapi?”

“Tarehe neuf, mwezi wa tano, ile mwaka ya vita. Ile siku walizika mama mukwe wake kwa barabara. Hawezi kusahau.”

Divine alifungua daftari, na kidole chake kikashuka mpaka tarehe tisa. Sifuri. Chancelle naye akaanza kufungua faili zake moja moja, bila kuulizwa, uso ukimbadilika. Akina mama ishirini na wawili walikuwa wamemsimulia safari ile, na kumi na tisa kati yao walikuwa wameloa. Godoro lililolowa likatupwa. Unga uliolowa ukapikwa hivyo hivyo. Tope mpaka magotini, karibu na Irumu. “Mi niliona ni maneno ya kawaida tu,” alisema Chancelle. “Kila mutu alikuwa anasema mvua.”

Mvua ilikuwa imenyesha kwenye meza hiyo kwa miezi minne, upande wa pili wa soketi, na Divine alikuwa ameketi ndani ya ukame wake bila kuhisi hata unyevu.

 Yannick aligeuza kompyuta yake, akazitoa picha za kurasa zile, kwa kuwa madaftari aliyopewa kufundishia yalikuwa hayo hayo, akazikata sifuri moja moja na kuzipanga kwa safu. Miezi minane alikuwa ameifundisha mashine yake mkono wa Mama Elisabeth, tarakimu kwa tarakimu, mpaka akaujua mkono huo kuliko mkono wa mama yake mzazi. Na ninavyokuambia, kuna upendo katika kazi ya namna hiyo, hata kama mwenyewe angekataa.

“Muangalie,” alisema. “Zéro ya huyu mama inabadilika. Siku iko na baridi, inatetemeka. Siku iko na haraka, haifungike muzuri. Lakini hizi soixante-quatorze zote ziko sawa, biki moja, mukono moja. Aliziandika siku moja.”

Hapo Divine aliogopa, na aliogopa hasa. Kama mama yule alitunga siku sabini na nne, nani ataamini elfu kumi na moja zilizobaki? Na zikiondoka zile sabini na nne, tasnifu yake inasimama juu ya nini? Alifunga daftari akakaa nalo mapajani, na wenzake wawili, ambao asubuhi walikuwa watu wa kugombania waya tu, wakakaa naye.

Kesho yake alipanda pikipiki mpaka kituo cha mbegu. Njiani alipanga maneno makali, akayapangua, akayapanga upya. Alimkuta Mama Elisabeth anafyeka majani kuzunguka kopo, kwa sababu majani marefu hudanganya mvua, na mtu anayejua hilo ni mgumu kumwita mwongo. Maneno makali yote yakamwishia hapo hapo.

“Mama, ile mwaka ya vita. Hizi zéro.”

Mama Elisabeth alisimamisha panga. Hakuficha uso. “Tulikimbia,” alisema. “Niliacha sufuria kwa moto, nikabeba watoto. Wakati tulirudia, nilikuja kwanza kuona kopo langu. Lilikuwa limejaa mpaka juu, maji imegeuka kijani, chura iko ndani. Nikamwanga yote chini.”

“Kumbe ulijua mvua ilinyesha.”

“Nilijua. Lakini ya siku gani? Mi naandika kile niliona kwa macho, saa moja. Zile siku sikukuwako. Niliona nini? Hakuna. Na hakuna inaandikwa zéro. Agronome wa zamani, mukubwa wa kituo, alikuwa anatukataza kuacha nafasi wazi, alisema ni uvivu. Mi sikukuwa muvivu, mutoto wangu.”

Divine alitaka kucheka, akajikuta analia. Uwongo haukuwamo mle hata kidogo. Kulikuwa na mwanamke aliyetoka vitani, nyumba imeporwa, majirani wengine hawajarudi, ambaye alikaa chini siku ile ile akatafuta biki na kumaliza kazi yake kwa uaminifu wote aliokuwa nao, na kwa uaminifu huo huo akauharibu mwaka mzima. Usiniulize nimhukumu vipi. Siwezi.

Walikaa kwenye kibaraza, na Divine akamfundisha jambo ambalo mtu angepaswa kumfundisha miaka thelathini iliyopita: kwamba sifuri ni kitu, inasema nilikuwapo, nikaangalia, kopo lilikuwa kavu. Asiyekuwapo huacha wazi, na hakuna aibu. Kosa halifutwi, linapigwa mstari ili lisomeke chini yake, kisha mtu anatia saini na tarehe. Mama Elisabeth alisikiliza, akaingia ndani kuleta rula. Alipiga mistari sabini na nne, polepole, akipumzisha mkono kila baada ya kumi. Alipomaliza aliuliza aandike nini pembeni.

“Kweli tu,” alisema Divine.

Mama akaandika: Sikukuwako. Tulikimbia. Akatia saini yake yote, na majina ya ukoo, kama mtu anayetia saini kwa kiongozi wa serikali.

Professeur Bruno hakufurahi, na angefurahije? Alisoma ukurasa ule amesimama. “Ile ukame njo kazi yako,” alisema. “Ukiitoa, unabakia na nini?”

“Bado sijui, Professeur.”

“Date ya défense haitabadilika, utatetea siku ile ile.” Akamrudishia daftari bila kumtazama machoni.

Basi siku saba zile nitazisifu mpaka nichoke. Yannick alipiga hesabu zote upya, mwaka kwa mwaka, na kila namba ilipotoka aliikagua mara mbili kwa penseli, maana mashine haimwonei mtu haya. Aliwaambia pia, kwa haki, kwamba angeweza kuiamuru ibahatishe siku zile kwa kutazama miaka mingine, nafasi zikajaa kwa dakika moja. Chancelle alimjibu kwamba miaka mingine haikukimbia. Wakakubaliana kuacha wazi.

Chancelle alirudi kwa akina mama kumi na tisa, nyumba kwa nyumba, hadi kwenye mabanda ya waliohamishwa, akaomba ruhusa upya, kwa sababu maneno waliyompa yalikuwa ya kazi moja na sasa yanaombwa kwa kazi nyingine. Mmoja alikataa, na jina lake likatoka siku hiyo hiyo. Wengine walishangaa tu kwamba kuna mtu chuoni anatafuta mvua yao.

Na Divine aliandika. Alibomoa sura mbili zilizomgharimu mwaka. Mvua ya Bunia, bila shimo lile, ilikuwa inapungua kidogo sana, kidogo hata asiweze kuapa kwamba inapungua. Ukame ukatoka kwenye kichwa cha tasnifu. Akabaki na tasnifu nyembamba, yenye tobo katikati, na kila alipoisoma alisikia uchungu, na chini ya uchungu alisikia kitu kilichosimama imara. Alikuwa hajawahi kuandika ukurasa asiouogopa, na sasa alikuwa nazo kadhaa.

Siku ya kutetea, ukumbi ulijaa kiasi. Mama Elisabeth alikuja amevaa kitenge cha sikukuu, akachagua kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Divine alieleza yote: kopo, chura, sifuri, mistari.  Hakumficha mama yule wala hakumwaibisha, alisema tu alivyofanya na kwa nini. Maprofesa wawili walinong’onezana.

Professeur Bruno alisubiri wengine wamalize. Kisha aliuliza swali ambalo Divine aliliogopa tangu mwanzo, na aliliuliza kwa sauti kavu. “Mademoiselle, zile siku soixante-quatorze, mvua ilikuwa ngapi?”

“Sijui, Professeur,” alisema Divine. “Hakuna mutu anajua. Tunajua tu ilinyesha.”

Nitakuambia kwamba kusema sijui mbele ya watu waliokuja kusikia unachojua ni kazi kubwa kuliko kupanda mlima. Divine alilisema, akabaki amesimama, mikono imeshika meza.

Professeur Bruno alifungua kurasa za mwisho, pale palipowekwa maneno ya akina mama kumi na wanane.  Alisoma muda mrefu, mpaka watu wakaanza kutazamana. Aliposema tena, hakuwa anasema na mwanafunzi.

“Mi nilikuwa kwa ile barabara,” alisema. “Nilimubeba baba yangu kwa mugongo. Mvua ilitunyeshea siku tatu. Akashikwa na homa, tukamuzika mbele ya kufika Irumu, ndani ya maji.” Akaifunga tasnifu. “Halafu huyu mutoto aliniletea daftari inasema zéro, nikasema, hii njo kazi. Niliamini daftari. Baba yangu nikamusahau.”

 Hakuna profesa aliyekuwa na swali jingine. 

Ndipo Mama Elisabeth akainuka kule nyuma, bila kupewa ruhusa na mtu. Alipita kati ya viti hadi meza ya mbele, akamshika mkono Professeur Bruno, mzee wa mvi, mbele ya wanafunzi wake.

“Pole, mutoto wangu,” alimwambia. “Wakati tulirudia, mi mwenyewe nilimwanga yale maji ya kopo.”