Sajenti Msibani kwa Mwalimu Owiti

Ijumaa alasiri, Selina alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya msiba, Mkolani, akichambua mchele, Sajenti alipoingia uani. Sajenti alikuwa farasi wa marehemu. Alikufa miaka mingi iliyopita kwa ugonjwa wa mbung'o, akazikwa nyuma ya choo. Sasa alikuwa amelowa hadi magotini na magugumaji yamemnasa kwenye kwato.

"Msogezeni huyo, atamwaga mchuzi," alisema Atieno, dada wa marehemu, bila kuacha kukoroga.

Kwao Shirati ng'ombe huletwa msibani kufukuza kifo, kwa hiyo mnyama kuja kuhani halikuwa jambo la kujadili. Mtu alimletea maji kwenye beseni. Farasi hakunywa. Alikwenda kusimama nyuma ya Selina, akamwekea kidevu begani kama alivyozoea zamani.

Hapo kitenge cha Selina kikawa sketi ya shule. Ilikuwa ileile ya bluu, na zipu haikufunga, kwa sababu tumbo la mimba ya wakati ule nalo lilikuwa limerudi. Selina sasa ni mtu mzima, muuza dagaa wa Mkuyuni. Aliegesha ungo juu ya tumbo akaendelea kuchambua.

Binti yake Winnie, mwenye miaka ishirini, alitoka jikoni na ndoo tupu. Akalitazama tumbo.

"Mama, huyo ni mimi?"

"Nani mwingine? Kalete maji."

"Na wewe Selina usimsumbue huyo wa nje," alisema Atieno. "Akiteguka mgongo, wa ndani naye atalia."

Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, wakarudi kwenye vitunguu vyao.

Marehemu, Mwalimu Perez Owiti, aliishi maisha ya watu kadhaa. Ujanani alitunza farasi wa mfanyabiashara mmoja, mzee Chandrakant, akalala nao bandani mpaka akaanza kunuka kama wao. Baadaye akawa askari wa farasi Dar es Salaam. Alipoacha uaskari akasomea ualimu, akarudi Mwanza kufundisha historia, na farasi mmoja mzee aliyeachishwa kazi pamoja naye.

Kisha ukaja mwaka ambao shule iliwafukuza Selina na wenzake kwa sababu ya mimba. Mwalimu aliwafuata nyumbani mmoja mmoja. Akawakusanya kwenye majabali ya ziwani, ubao mweusi umefungwa ubavuni mwa tandiko, akawafundisha hapo. Aliyechoka kutembea alipandishwa juu ya Sajenti. Wakati wa mahudhurio aliwaita kwa majina, na kila baada ya jina aliuliza, "Na wa tumboni?" Wasichana walijibu "Yupo, Mwalimu," huku wanacheka.

Shule ilipojua, ikamfukuza na yeye. Alifundisha ufukweni miaka mitatu. Selina alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, Winnie akilia mgongoni kwa Atieno nje ya dirisha.

Mkuu wa shule aliyewafukuza wote alikuwa Mwalimu Mashimba. Sasa amestaafu, na ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kwa kuwa ana sauti nzuri.

Jumamosi asubuhi Selina alimfuata kwenye meza ya mbele, chini ya turubai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Selina." Alitazama sketi, akatazama tumbo. "Hali hii tena?"

"Imenirudia jana. Mwalimu, naomba ile miaka ya ufukweni isomwe kwenye wasifu. Hata sentensi moja tu. Asipozikwa nayo, itakuwa kama hatukuwepo."

"Mwanangu, tumekuja kuzika, hatukuja kufukua. Halafu kwa hiyo sketi, nenda ukakae nyuma. Hapa wanakaa wageni wa heshima."

Ndivyo alivyomwambia siku ile alipomfukuza, mstarini, mbele ya shule nzima, na kwa upole uleule. Selina alikwenda kukaa nyuma. Sajenti alikuwa amesimama huko, kwenye kamba za turubai, maji yakimchuruzika.

Mashimba alisoma vizuri. Alisoma banda la mzee Chandrakant, akasoma uaskari, akasoma chaki. Kisha akasema, "Baada ya hapo, marehemu alijishughulisha na ufugaji, kabla ya kuajiriwa na shule binafsi ya Buswelu."

Kwenye neno ufugaji, wanawake wengine kadhaa katika viti vya nyuma walijikuta na sketi za bluu. Mmoja, aliyekuja na mumewe, alimwomba koti ajifunike. Mume alimpa, macho yakiwa mbele.

Selina alisimama. Kichwani alikuwa na sentensi yake, ameipanga tangu usiku. Mashimba alimwona, akasogeza kipaza sauti.

"Jamani, kuna mama mjamzito amesimama pale. Mpisheni akae."

Watu watatu walinyanyuka kwa wakati mmoja kumpa viti. Mzee mmoja alikifuta chake kwa leso. Selina aliangalia viti vile, akasema asante, akakaa. Wasifu ukaendelea hadi mwisho, na watu wakasema amina.

Sajenti alilifuata jeneza hadi kaburini, kisha akashuka peke yake kuelekea ziwani. Wale wanawake wengine walifika kwao wakiwa na nguo zao za kawaida. Sketi ya Selina haijabadilika, wala tumbo. Wateja wa Mkuyuni humuuliza atajifungua lini, naye huwaambia hajui. Mwalimu Mashimba hununua dagaa kwake kila wiki na humpa pole na hali.

Jioni, wakishafunga genge, Winnie hulaza sikio kwenye tumbo la mama yake. Kwanza husikika kwato juu ya mawe. Halafu ubao huegeshwa, mtu hukohoa, na majina huanza kuitwa.

"Selina?"

"Nipo, Mwalimu," husema Selina, akiosha mizani.

"Na wa tumboni?"

"Nipo," hujibu Winnie, na somo huanza.