Alama ya Pasikali kwenye Chupa za Haidari

Chumba cha mbele cha duka la mwanangu Athuman, hapa Kasulu mjini, kilikuwa stoo ya saruji kabla Firdausi hajaomba akifanye ofisi. Firdausi ni mjukuu wangu. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, nikamlea mimi. Alisomea kompyuta Mwanza, akarudi na kazi ambayo mtaani kwetu hakuna aliyekuwa akiifanya: kuchora nembo za biashara. Mtu ana mgahawa, au anatengeneza sabuni, Firdausi anamchorea alama ya kubandika kwenye bidhaa, ili mteja akiiona kwa mbali amjue mwenyewe.

Athuman alimpa chumba kwa sharti.

"Mpaka Idi," alisema. "Idi ikipita hujapata mteja wa maana, saruji yangu inarudi humo, na wewe unakuja kaunta kunipimia vitenge."

Hakusema kwa ubaya. Siku ileile alimwita fundi akamwekea Firdausi soketi mpya.

Huo ulikuwa mwaka 2014. Mteja wa maana alikuja Ramadhani ikikaribia: Haidari, mwenye duka Kibondo. Alikuwa ananunua asali kwa wafuga nyuki wa vijijini, anaijaza kwenye chupa na kuiuza mbali. Alitaka nembo ya kubandika kwenye chupa hizo. Firdausi alikwenda Kibondo kuona asali inakotoka. Nilimfungia mihogo ya kuchemsha, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Alirudi pia na picha kwenye simu. Porini alikuwa ameona mzinga wa gogo umetundikwa juu ya mti, na ubavuni mwake mmechongwa mistari mitatu iliyosimama, na mwingine umepita juu yake kama upinde. Aliona ni urembo wa mafundi wa zamani. Mimi pia niliona hivyo. Sisi ni watu wa duka, wazee wetu walitoka Ujiji, asali tunaijua ikishafika kwenye kibuyu. Aliichora ile mistari vizuri, akaitia rangi ya dhahabu. Haidari alipoiona alicheka kwa furaha, akachapisha lebo nyingi Mwanza.

Ramadhani ilikuwa imeanza Haidari alipopiga simu. Firdausi aliweka sauti ya nje, nikasikia yote.

"Firdausi, umenichorea nini?"

"Nembo, kaka Haidari. Si uliipenda mwenyewe?"

"Niliipenda. Sasa wafuga nyuki wamenisusa. Wanapita na ndoo zao mbele ya duka kama sipo. Mmoja wao, Esteri, ameniita mwizi, sokoni, watu wanasikia!"

Akaeleza. Mizinga hukaa porini bila mlinzi. Kinachoilinda ni alama. Kila mwenye mizinga ana yake, anaichonga kwenye gogo, na mwanawe huirithi. Ukikuta alama ya mtu, hugusi. Ile mistari mitatu na upinde ilikuwa ya mzee mmoja anaitwa Pasikali. Esteri alikuwa ameleta asali ya mizinga yake mwenyewe, akaikuta kwenye chupa ina alama ya Pasikali. Kwao hilo lina maana moja tu: imeibwa. Wengine walianza kusema Pasikali amekula njama na mwenye duka ili achukue msitu wote.

"Na huyo Pasikali anasemaje?" niliuliza.

"Hajasema kitu, Bi Adija. Anataka kumwona aliyechora. Mimi nimeshaulizia mchoraji mwingine, Kigoma."

Simu ilipokatika Firdausi alikaa mikono magotini. Athuman alikuwa amesikia akiwa kaunta. Hakumcheka. Ila jioni nilimsikia anaongea na mwenye lori la saruji.

Pasikali alikuja kesho yake na basi. Mzee mwembamba, koti kubwa, kofia mkononi na kibuyu kidogo kwapani. Alisimama mlangoni akapiga makofi polepole, kama Waha wanavyosalimia.

"Mwakeye."

"Mwakeye, mzee. Karibu ndani."

Nilikuwa nimefunga, lakini mgeni ni mgeni. Nilimpikia uji na viazi. Alichukua bakuli akaenda kula uani nyuma ya tenki, asituonyeshe chakula. Hakuna aliyemwambia.

Aliporudi, Firdausi alisimama.

"Babu, nisamehe. Nilidhani ni urembo."

"Ni urembo pia. Baba yangu alikuwa na mkono mzuri. Nionyeshe."

Firdausi alimfungulia kompyuta. Mzee alisogeza kiti, akaangalia muda mrefu.

"Mstari huu wa tatu umeunyoosha."

"Ulikuwa umepinda, nikaona nirekebishe."

"Baba aliupinda. Nyuki walikuwa wanamuuma."

Firdausi alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu simu ile.

"Haidari ananiambia nimruhusu atumie tu, atanipa kitu," Pasikali alisema. "Nitapokeaje? Mizinga ya Esteri na yangu iko msitu mmoja. Jumapili kanisani tunakaa benchi moja. Nikikubali, nitampa mkono wa amani kwa uso gani?"

"Basi nimekuharibia, babu. Na kwa Haidari nimeshatoka. Atampa mwingine."

"Nimemwambia asubiri. Aliyepita chini ya miti yote ile akaiona alama yangu, ana macho. Hakuuliza tu."

Nilimsogezea mzee mto wa kuegemea. Firdausi alikuwa ameishika kalamu bila kuandika.

"Babu, mzinga usiochongwa alama ni wa nani?"

"Bado si wa mtu. Ni gogo. Anayeutundika ndiye anauchonga."

Firdausi aligeukia kompyuta. Sikuelewa alichokuwa anafanya, nikaenda kuchambua mchele. Niliporudi kulikuwa na mzinga mmoja kwenye kioo, umelala kwenye tawi, mchoro wa mistari michache, na jina la asali ya Haidari chini yake. Ubavu wa mzinga ulikuwa mweupe, mtupu.

"Hapo kila mtu atachora yake kwa kalamu ya wino," alisema. "Chupa ya Esteri, alama ya Esteri. Ya kwako, yako. Mzinga tu ndio wa Haidari."

Pasikali alipapasa kioo kwa kidole pale peupe.

"Chapa kidogo, nibebe."

Firdausi alichapa kwenye karatasi za kawaida. Mzee alizikunja ndani ya koti.

"Utampelekea Haidari?" Firdausi aliuliza.

"Nitaanza kwa Esteri. Haidari atafuata asali."

Alituachia kile kibuyu, asali ikiwa na masega yake. Athuman alimsindikiza mpaka stendi, akambebea kofia.

Siku zilipita kimya. Firdausi alianza kupanga vitu vyake kwenye boksi, nyaya kwanza. Sikumzuia. Nilimshikia tu boksi.

Mkesha wa Idi nilikuwa nakaanga maandazi Haidari alipopiga.

"Wamerudi," alisema. "Esteri amechora ya kwake kubwa mpaka imetoka nje ya mzinga! Nimemwambia apunguze, kaniambia nipanue mzinga."

"Nitaupanua," Firdausi alisema.

"Upanue. Halafu niutume Mwanza wakauchapishe. Zile lebo za mwanzo nimempa mzee Pasikali zote. Anasema nyuki wake hawatazimaliza hata wakifanya kazi usiku."

Athuman alikuwa mlangoni. Alingoja mpaka simu ikatike.

"Saruji inaweza kukaa uani," alisema. "Nina turubai." Akachukua andazi la moto akaondoka analipuliza.

Idi ya pili, dereva wa basi la Kibondo alituletea chupa moja ya asali kutoka kwa Pasikali. Ilikuwa na lebo ya zamani, ile ya dhahabu. Juu ya mstari wa tatu mzee alikuwa amepitisha kalamu nyeusi, akaupinda. Firdausi aliiweka mezani kando ya kompyuta, na mpaka leo asali yake hatujaila.