Kimeo cha Iddy

Enzi zile, ukitaka kumuudhi Rukia, ungemuuliza anasomea nini. Akijibu kwamba anasomea tiba ya usemi, watu wa mtaani kwao Nzuguni walimtazama kana kwamba amepandishwa ndege hadi chuoni Afrika Kusini kwenda kujifunza kupiga domo tu. "Kwani kuongea nako kunasomewa?" walimtania. Hata ofisini mjini, alikokwenda kuulizia ajira, karani alimwambia kwa upole kwamba miaka hii serikali inapunguza watu, dada, na kazi yenyewe hakuna anayeijua. Rukia akarudi nyumbani, vumbi hadi kwenye kope, akajikaza kisabuni.

Alijikaza kwa sababu ya Iddy. Iddy alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, akilelewa na bibi yake, Bi Mwanasha, mama yake Rukia, aliyehamia pale kutoka Kondoa na hakuchoka kuulalamikia ukame wa Wagogo. Maneno yote ya Iddy yalitokea puani. Akisema "baba" ilisikika "mama", na akisema "kuku" ilitoka sauti ambayo bibi yake peke yake ndiye aliyeijua. Lakini huyo mtoto kwa kuongea, acha tu. Aliongea na mbuzi, aliongea na sufuria jikoni, na wenzake wakimwigiza alicheka pamoja nao. Mwalimu mkuu alishasema mtoto asiyeeleweka hamwandikishi darasa la kwanza. Shule zingefunguliwa Januari, na Rukia alikuwa amejiapiza kwamba Januari hiyo Iddy atakaa kwenye dawati.

Basi siku ya pili ya likizo yake ya mwisho wa mwaka akamkalisha uani kwenye kigoda, akatoa tochi yake ya chuo, akamkandamiza ulimi kwa kijiko. "Sema aaa." Iddy akasema. Na Rukia akakiona kitu ambacho mpaka siku hiyo alikuwa amekiona kitabuni tu. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa, kilikuwa kimegawanyika ncha mbili. Hiyo ilikuwa alama. Maana yake misuli ya kaakaa haikuungana chini ya ngozi, ndiyo sababu pumzi inavujia puani, na kwa kuwa hakuna tundu linaloonekana, kila aliyemtazama tangu azaliwe alimwona mzima. Kaakaa linashonwa hospitali, kisha mtoto anafundishwa kutamka upya. Rukia alijisikia kulia kwa furaha.

"Mama, njoo uone. Tazama kimeo chake. Ugonjwa wote umejificha hapa."

Bi Mwanasha akainama, akachungulia, akaguna. "Kimeo," akasema. "Miaka yote hii, kumbe ni kimeo."

"Ndiyo, mama," Rukia akajibu, tayari anafuta kijiko.

Hapo ndipo mtu unapotaka kumshika Rukia mabega umtikise. Koo lake mwenyewe halikuwa na kimeo. Kilikatwa angali mchanga kwa ajili ya kikohozi, kama cha dada yake na cha nusu ya mtaa. Alijua fika kwamba huku kwao kimeo kikishatajwa kuwa na kasoro, hakuna anayeuliza kinafanywaje. Lakini siku ile alikuwa amelewa ugunduzi wake, na asubuhi akapanda gari kwenda mjini, hana hili wala lile.

Mjini alifikia kwa Debora, waliyesoma naye sekondari, sasa muuguzi. Hospitalini kwake kulikuwa na daktari mgeni wa upasuaji aliyekuja kwa muda. Rukia alimsubiri mpaka akampata, akamweleza, na daktari akafurahi kukuta mtu anayeijua ile alama. "Mlete," akasema. Rukia akamnunulia Iddy biskuti, akarudi.

Uani kulikuwa kimya. Iddy alikuwa amelala mkekani, kanga ya bibi yake imelowa damu karibu na shavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari. Tumeshakusaidia." Bi Mwanasha alikuwa amechoka, lakini ameridhika. "Nilimwita mzee Sila, mkata vimeo, na kisu chake. Damu ilitoka sana, sasa imekata."

Rukia akainama juu ya mkeka, akaisogeza kanga. "Mama, sikusema akatwe."

"Sasa ulisema nini?" Hakuwa anagombana, alitaka kujua. "Umehangaika kusoma, umeuona ugonjwa ulipo. Mimi nikae niutazame tu?"

Rukia akaenda kuchemsha maji ya chumvi ya kumsukutulisha mtoto.

Kidonda kilioza. Hospitali walimshika Iddy watu wawili ndipo daktari akaweza kutazama, na akatazama muda mrefu. Mzee Sila alikuwa amekata kimeo pamoja na nyama ya kaakaa, na iliyobaki inageuka kovu gumu. "Nikishona itaachia," akasema. "Sina cha kuunganisha."

Tangu siku ile Iddy hakusema neno. Sauti alikuwa nayo, maana usingizini alilia. Lakini mchana alikaa na mbuzi wake kimya, na Rukia akisogea, mtoto anaziba mdomo kwa kiganja. Januari ikafika. Wenzake wakapita na sare zao mpya, yeye akawatazama kutoka kizingitini.

"Kidonda kikikauka vizuri ataongea," Bi Mwanasha alisema, akimpoozea uji.

"Hataongea vizuri, mama. Imeshaharibika."

Bi Mwanasha akaendelea kukoroga uji. "Lakini wewe si utamfundisha? Si ndicho ulichosomea?"

Rukia akaingia ndani, akajifunika shuka gubigubi, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Siku ya kurudi chuoni alitoka na begi lake akakuta wanawake wamekaa uani na watoto wao. Mzee Sila alikuwa amemsifia Rukia mtaa mzima: binti wa Bi Mwanasha anaona vimeo hata vilivyojificha, mkitoka kwake ndipo mje kwangu. Wa kwanza, jirani yao Swaumu, alikuwa na mtoto mwenye mafua.

"Mmulike tu, mdogo wangu. Ukisema ni kimeo, tunakwenda moja kwa moja."

"Sio kimeo, dada Swaumu. Msimkate. Msimkate mtoto yeyote, nawaomba."

Swaumu akamtazama kwa mshangao. "Umejuaje, na bado hujamwangalia?"

Akamshika mwanawe kidevu, akamwambia afungue mdomo, na mtoto akafungua. Nyuma yao, mlangoni, Iddy alikuwa amesimama, mikono yote miwili mdomoni.