Alizeti za Kuvaa Kazini

Kidole kimoja huvunja chawa, ilimradi kiwe na ukucha uliotunzwa. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya fundi wa kucha aliyekuwa na chumba chake kati ya duka la viatu na kinyozi, na kwa sababu hiyo hakuna mteja aliyetoka kwake na kidole kilichopuuzwa, hata kile cha mwisho.

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa joto, saa nne asubuhi, aliketi mbele yake msichana mshonaji ambaye watu wote, mama yake mzazi akiwemo, walimwita Kiwembe kwa sababu ya ulimi wake. Kiwembe aliweka mikono juu ya taulo dogo na kusema anataka kitu cha kiangazi, chenye furaha, lakini cha kuvaa kila siku. Alifanya kazi katika karakana ya sare za shule. Kutwa nzima aliinamia cherehani, na katika mwili wake wote mikono ndiyo sehemu pekee aliyopata kuiona tangu asubuhi hadi jioni. Alitaka iwe na la kumwambia.

"Vizuri," fundi akasema, akimgeuza vidole kama anayechagua nyanya. "Wengi huja hapa wakachagua kucha za harusi, Jumatatu wanashindwa kufunga zipu. Wewe chagua za kuoshea vyombo, mwanangu. Urembo unaoogopa sufuria huo si wako, umeazima."

Akamsogezea ubao wa mifano. Kiwembe aligusa vipande vya tikiti maji, vyekundu, vyenye mbegu nyeusi.

"Haya matamu."

"Matamu mno. Nilimpaka mwalimu wa chekechea wiki jana, juzi kayarudisha. Watoto wamemramba mikono mpaka mbegu zikaisha, halafu sisimizi wakamfuata kwake."

"Na mawimbi?"

"Yanavuja. Kwa mtu wa kufua ni faida. Mkutubi yamemlowesha rafu nzima, na chumvi ya bahari haitoki kwenye karatasi."

"Malimau je?"

"Una tabia ya kujikuna jicho?"

"Mara moja moja."

"Basi achana na malimau."

Zikabaki alizeti. Zilikuwa ndogo, za manjano iliyoiva, zenye kiini cha kahawia. Fundi alizisifu bila kupamba: hazivuji, haziliki, hazikwaruzi kitambaa. "Ila zinageuka," akasema.

"Zinageuka vipi?"

"Si alizeti, mama? Zinafuata jua. Asubuhi huku, jioni kule. Utazoea. Mke wa fundi saa anazo mwaka wa pili huu, hajawahi kuchelewa popote."

Kiwembe akaridhika. Fundi alizikata kucha fupi, akazisugua kwa msasa mpaka zikawa mviringo, zisije zikanasa uzi. Akapaka kwanza rangi ya maziwa, kwa kuwa haionyeshi mikwaruzo ya kazi, kisha akachora ua moja kwenye kila ukucha kwa brashi yenye unywele mmoja. Kabla hata hajawasha taa ya kukaushia, maua yote kumi yakaugeukia mlango, ambako jua lilikuwa limeegemea kizingiti.

"Zimeshika," fundi akasema, akafunika chupa.

Jumapili Kiwembe alifua, akapika, akamsuka jirani, na maua hayakumpa shida. Asubuhi vidole vilivutwa kidogo kuelekea mashariki, mchana vikatazama dari, jioni vikainamia upande wa pili. Mvuto wenyewe ulikuwa mwepesi, kama wa mtoto anayemvuta mama yake mkono mbele ya duka la peremende.

Jumatatu alikwenda kazini.

Chumba cha kushonea kilikuwa na cherehani kumi na moja na taa moja ndefu iliyokuwa ikipepesa tangu mwaka juzi. Dirisha hakikuwa nalo. Cherehani ya pili ilikuwa ya Shangazi, dada wa baba yake Kiwembe, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Shangazi alishona matundu ya vifungo. Kwa miaka ishirini na tisa aliyashona huku akisimulia mambo ya watu, na hadithi ilipofika patamu mkono haukupoteza hatua. Lakini mwaka huu matundu yalikuwa yameanza kwenda upande. Wiki iliyopita meneja alikuwa amempa siku: kama kufikia Ijumaa hatatoa matundu thelathini yaliyonyooka, arudishe mkasi aende nyumbani. Meneja alisema macho yamepatwa na uzee. Shangazi alisema uzee ungeanza na magoti, na magoti yake yalikuwa mazima.

Saa mbili na dakika tano, vidole vya Kiwembe viliacha shati na kuuelekea ukuta wa mbele, uliotenganisha chumba chao na ofisi ya meneja. Akavirudisha. Vikaenda tena. Saa sita mchana, jua lilipokuwa juu ya paa, alitegemea vitatazama dari kama jana. Vilibaki ukutani.

Shangazi alisogeza uso karibu na mikono ile, karibu kabisa, kama anayenusa.

"Mbona unauonyesha ukuta kama umekukosea?"

"Si mimi, Shangazi, ni maua. Yanatafuta jua."

"Basi yamelipata. Jua letu liko huko."

"Jua letu lipi?"

"La hiki chumba. Tulikuwa na madirisha manne hapo mbele ya pua yako. Alipokuja huyu meneja, miaka sita sasa, tulikwenda mapumziko ya mwisho wa wiki, kurudi tukakuta ukuta."

"Hamkuuliza?"

"Tuliuliza. Akasema madirisha yamepandishwa cheo." Shangazi akarudi kwenye shati lake na kuipapasa sindano. "Nipitishie huu uzi, una macho wewe."

Kiwembe alimpitishia. Kisha akabeba robota la mashati yaliyokuwa tayari, akabisha kwenye mlango wa ofisi.

Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, na taa ya mezani ilikuwa inawaka mchana kweupe. Kochi la ngozi lilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Madirisha yalikuwa manne kweli, yamefunikwa pazia zito, kwa kuwa meneja hakutaka kochi lipauke. Nyuma ya pazia, mwanga wa miaka sita, ambao haukupata wa kuutumia, ulikuwa umejikunja na kujipanga majora majora mpaka kimo cha goti. Ule wa chini, wa zamani, ulikuwa umeanza kuwa wa kahawia pembeni.

"Usikanyage hapo," meneja akasema bila kuinua kichwa.

"Naona mwanga umejaa, bosi. Nilikuwa naomba jora moja tu, niliweke kwenye cherehani ya Shangazi."

"Mwanga wa ofisi ni wa wageni."

"Wageni gani?"

"Watakaokuja."

"Shangazi anapofuka, bosi, na hawa wageni bado hawajazaliwa."

"Shangazi yako anazeeka. Kuzeeka si kosa langu." Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Na mbona unaninyooshea vidole?"

"Umekaa njiani. Sogea kidogo, vitakupita."

Meneja alisogea kushoto, na vidole vitatu vikampata. Akasogea kulia, vikampata vinne. Madirisha yalikuwa mapana na yeye alikuwa mtu wa mwili. Alijaribu kusimama kwenye kona ya kabati, kikabaki kidole gumba kimoja kinamtazama tumboni. Alisema amekuwa kazini miaka mingi na hajawahi kunyooshewa vidole kumi kwa mkupuo. Alisema pia kwamba anasubiri kuombwa radhi. Kiwembe akaweka mashati mezani, akatoka kinyumenyume, maana mikono haikutaka kugeuka.

Habari ilipokelewa vizuri chumbani. Hakuna aliyestaajabu kuhusu ule mwanga. Mshonaji wa kola alisema hata mama mkwe wake huweka vitu mpaka vinaoza. Kilichowashughulisha ni kucha. Kila mmoja alitaka kuziona, na kila mmoja aliona kwamba zinafaa, ni fupi, hazinasi, na rangi ya maziwa inaficha vumbi la chaki. Jumanne saa ya chakula fundi wa kucha alikuja na kikapu chake, akawapaka watano. Jumatano akawapaka wanne. Alhamisi akabaki Shangazi.

"Umri wangu huu, na maua kwenye kucha? Watu watasema nini?"

"Watasema umependeza," Kiwembe akajibu.

"Hilo nalijua. Nauliza watasema nini kingine."

Lakini alikuwa ameshanyoosha mikono. Aliikataa manjano ya kwanza, akasema hiyo ni ya homa ya ini. Akaikataa ya pili, akasema hiyo ni ya daftari. Alitaka ya kiini cha yai, na petali ziwe nene, kwa sababu yeye si msichana wa petali za kubabaisha. Fundi alitii. Kwa mteja wa namna hii, alisema, mtu huchukua brashi ya nywele mbili.

Alasiri hiyohiyo Shangazi alishika sindano, hakumwita mtu. Tundu la sindano, hata liwe dogo namna gani, hupitisha mwanga, na alizeti za kidole gumba na cha shahada ziliuelekea ule mwanga moja kwa moja. Uzi ukafuata. Akashona tundu la kwanza, la pili, la tano. Alipofika la tisa alianza kusimulia habari za jirani yake aliyeolewa mara mbili na mume yuleyule, na wote wakajua kwamba mambo yamekaa sawa.

Ijumaa meneja alikuja na rula. Akapima matundu thelathini. Akayapima tena kuanzia mwisho. Yalikuwa yamenyooka yote, na katikati ya kupima alilazimika kupita mbele ya vidole mia na kumi, vikimfuata na kumpita kuelekea ofisini kwake. Aliikunja rula, akaondoka akijikuna shingo.

Kabla ya jioni karatasi ilibandikwa mlangoni. Ilisema kwamba alizeti zimekubalika kazini, mradi zisizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Ilisema cherehani zote zitageuzwa ziutazame ukuta wa mbele, ili wafanyakazi wanyooshe vidole bila kupunguza kasi. Ilisema ofisi ya meneja itapata pazia jingine, la tabaka mbili. Mwisho ilisema kwamba matundu yamenyooka, ila adabu imepinda, na kwa kuwa Shangazi ndiye mkubwa wao, kesho saa sita, maana Jumamosi hii hakuna mapumziko, atawaombea wote radhi mbele ya wote. Asipoomba, arudishe mkasi.

Cherehani ziligeuzwa asubuhi ya Jumamosi. Kusema kweli ilikuwa afadhali. Mikono ilitulia na kazi ikaenda. Kiwembe peke yake hakutulia. Yeye ambaye hakuwahi kumeza neno alikuwa ameamka mapema akaandika maneno laini kwenye kipande cha kitambaa, kwa chaki.

"Matatu tu, Shangazi. 'Tunaomba radhi, hatutarudia.' Yaseme huku unawaza kitu kingine."

"Niwaze nini?"

"Chochote. Waza viatu."

"Kiwembe mzima, leo umekuwa kijiko?"

"Nitakaa na nani hapa ukiondoka? Nani atanisimulia ya yule aliyeolewa mara mbili?"

Shangazi alikipokea kitambaa, akakitazama kwa mbali, kisha kwa karibu. Akakikunja, akakitia mfukoni mwa aproni, na Kiwembe akashusha pumzi.

Saa sita kamili meneja aliingia. Alisimama mbele ya ukuta, mahali ambapo zamani lilikuwa dirisha la pili, akafunga kifungo cha koti. Wanawake wakasimama, isipokuwa Shangazi. Taa ikapepesa mara mbili. Vidole mia na kumi vilielekea upande wake, vimetulia, na baadhi ya petali zilikuwa zimefunguka zaidi kuliko jana, kwa sababu joto lilikuwa limezidi. Meneja hakuzitazama. Alikuwa ameshazizoea.

"Tunakusikiliza, mama," akasema.

Shangazi aliinuka taratibu, kwa magoti yake mazima. Alikung'uta vipande vya nyuzi kwenye sketi. Aliinyoosha mikono mbele, maua juu, akaikagua kama anayehakikisha kwamba manjano bado ni ileile ya kiini cha yai. Ilikuwa ileile. Kiwembe alikuwa anatamka yale maneno matatu kwa midomo bila sauti, ili amkumbushe.

"Bosi," Shangazi akasema. "Naomba sindano namba tisa, hii imekuwa butu. Naomba na uzi mweupe, mashati ya Jumatatu hayajaguswa."

Akaketi, akavuta shati.

"Radhi siombi."