Kiatu cha Mama wa Mwali

Soli ilibaki mkononi mwa Zahoro, kiatu kikabaki kwenye kalibu, ule mti wa umbo la mguu. Akaitazama soli, akakitazama kiatu. Gundi ilikuwa imejaa pande zote mbili, mbichi, inavutika kama mlenda, na haikuwa imeshika chochote.

"Hemedi kanifanya mtoto na gundi yake ya mjini," alisema.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, hapo kijijini Masaki, katika miaka ile ya Mwingereza ambayo gari likipita njia ya Kisarawe watu wazima na akili zao walitoka kulitazama vumbi lake. Zahoro alikuwa fundi viatu peke yake katika vijiji vitatu. Alishona makubadhi, alikata katambuga za mipira ya gari, na viatu vya karani wa boma alivitengeneza mpaka karani akasahau vilikuwa vya rangi gani. Lakini kiatu kimoja kilikuwa kimemshinda kwa miaka ishirini na mbili, nacho ni cha mkewe.

Swaumu aliugua utotoni, mguu wa kushoto ukakataa kukua. Ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Si jambo la kumzuia mtu kulima, na Swaumu alilima kuwapita wenye miguu sawasawa. Kilichomshinda ni kubeba maji kichwani. Kila hatua bega moja lilizama, na akijitwisha mtungi, hata ukiwa nusu, anafika nyumbani kalowa kama aliyevuka mto. Kwa hiyo alibeba debe mkononi, akipumzika, akihamisha mkono, na wanawake wenzake wakimpita kwa mwendo wao wa madaha.

Na kesho alfajiri mwanawe wa mwisho, Zena, aliyekuwa amewekwa ndani kama mwali, alikuwa anatolewa nje.

Sasa sikiliza desturi ya ukoo wa Zahoro, maana ndiyo iliyoleta yote haya. Mwali wao hatolewi nje mpaka aogeshwe kwa maji ambayo mama yake ameyachota na kuyaleta kwa kichwa chake mwenyewe. Mtungi mmoja, umejaa. Hawekewi majani juu ya kutuliza maji, na hatui njiani. Tone likidondoka, anarudi kisimani akaanze upya. Mama asiyeweza, anamwachia shangazi wa mwali. Mwanamkuu, binti mkubwa, alipotolewa, maji aliyaleta shangazi yake Mwanamvua. Aliyemfuata, Mwanamvua tena. Mara zote mbili Swaumu alikaa jikoni akiupepea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Zahoro alimwona, mara zote mbili. Naye alijaribu. Kwanza alimchongea kisigino cha mti, akakipigilia misumari. Mti ukapasuka, msumari ukapenya ukamchoma Swaumu nyama ya unyayo, na kovu analo. Akaja na ngozi zilizopangwa moja juu ya nyingine, akazigandisha kwa uji wa muhogo kama mafundi wote walivyofanya. Lo! Panya waliula uji ule na nusu ya ngozi usiku uleule. Alipojaribu ulimbo wa kunasia ndege, Swaumu alirudi shamba amebeba chini ya mguu mchanga, majani na siafu wazima. Siku hiyo walicheka wote wawili mpaka machozi, kisha Swaumu akavua kiatu, akasema, "Baba Mwanamkuu, basi. Nimeshazoea." Zahoro hakuzoea.

Ndipo mwezi uliopita akakutana na Hemedi, mtu wa kwao anayefanya kazi kwa mtengeneza viatu mmoja Dar es Salaam. Hemedi alimpa kopo dogo, limebaki nusu.

"Hii si gundi ya kwenu," alisema Hemedi. "Kwaruza pande zote mbili. Paka huku kidogo, paka kule kidogo, acha ikauke, ndipo ugusanishe. Na ikishagusana, ndugu yangu, usiiambie irudi. Hairudi. Tena usiisogeze kwenye moto, itawaka hiyo."

Zahoro aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alicheka. Acha ikauke! Tangu lini gundi ikakauka kwanza halafu ndiyo ishike? Uji wa muhogo ukikauka ni unga tu, unaupuliza unaondoka. Mjini watu wanachanganyikiwa, alijisemea. Ndiyo maana asubuhi ile alipaka gundi nyingi, akabandika mbichi mbichi, akaifunga kwa kamba na kuikalia kama kuku wa mayai. Alipofungua, soli ikabaki mkononi. Nusu kopo likawa robo kopo.

Kwa hasira alikata vipande viwili vya ngozi, akavipaka gundi kidogo ili ajue kosa liko wapi. Kabla hajavibandika, dada yake Mwanamvua akapita na mtungi wake kiunoni, unang'aa.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Unakwenda wapi na mtungi?"

"Nimetoka kuuosha. Mmesema mama mtu atajaribu, sawa, lakini mimi nakaa tayari." Akachungulia upande wa jikoni, akapaza sauti. "Wifi! Mtungi wangu nimeshausugua!"

"Usugue tena uweke unga wako!" Swaumu alijibu kutoka ndani. "Kesho hutautumia!"

Mwanamvua akacheka, akaenda. Lakini Zahoro aliijua sauti ya mkewe. Ilikuwa imechangamka mno. Mara ikaadhiniwa Ijumaa, naye akaviacha vile vipande viwili juu ya mkeka, akachukua kofia yake akaenda msikitini.

Aliporudi, vilikuwa vimekauka. Alivigusa kwa mgongo wa kidole, havikunata. "Kwisha kazi," alisema, akavitupia kapuni. Kimoja kikaangukia kingine.

Alikuwa amekwisha kugeuka. Sijui ni nini kilimrudisha. Aliingiza mkono kapuni avitoe, akashika kimoja, na kingine kikaja nacho.

Akakivuta. Hakikutoka. Akaingiza kucha, hapakuwa na pa kuingizia. Akashika kimoja kwa meno na kingine kwa mikono miwili, akavuta mpaka shingo ikamtoka mishipa, na ngozi ikachanika. Ngozi ya ng'ombe! Ilichanika kando, pale pasipo na gundi. Palipogusana palibaki vilevile.

"Subhanallah," alisema Zahoro. Akakaa chini. Vitu viwili vikavu, kila kimoja peke yake hakinati hata kwenye kidole, vikutane tu mara moja, basi. Miaka thelathini ameshika ngozi na hakuwahi kudhani kwamba kitu kama hicho kipo duniani. Aliona haya pia, maana Hemedi alimwambia, tena kwa Kiswahili.

"Mama Mwanamkuu! Njoo! Acha moto hukohuko, njoo peke yako!"

Alimsimamisha ukutani. Akamvisha kiatu mguu wa kushoto, akamwekea chini yake soli, kipande cha mpira wa gari na ngozi moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, anatazama kiuno, anatazama mabega. Ya tano. Ya sita. Ilipoingia ya saba, Swaumu aliuachia ukuta mikono yote miwili.

"Nini?" aliuliza Zahoro. "Imezidi?"

"Usiitoe," alisema Swaumu kwa sauti ndogo. "Subiri kwanza. Usiguse kitu." Alisimama vile muda mrefu, macho mbele. "Kumbe ndivyo mnavyosimama. Sina pa kujizuia na wala sianguki." Machozi yakamtiririka, na hakuyafuta, aliogopa kusogea.

Zahoro alipiga magoti miguuni pake. Alichukua mkaa akachora mpaka wa kila ngozi.

Alasiri yote alifanya kazi nje, mbali na jiko. Alikwaruza kila ngozi kwa tupa mpaka ikawa na manyoya manyoya, akapangusa vumbi, akapaka gundi nyembamba kwa unyoya wa kuku. Harufu yake kali ilimzungusha kichwa. Kisha akafanya lililomshinda asubuhi: akaweka mikono mapajani, akasubiri. Ngozi saba na kipande cha mpira wa gari kwa chini vilikuwa vimepangwa mkekani kama samaki wa kuanikwa, naye anawinga nzi wasitue. Alipitisha mgongo wa kidole. Bado. Akapitisha tena.

Zilipokauka, hofu ikamwingia. Ikishagusana hairudi. Akikosea upana wa ukucha, kiatu kitakwenda upande, na Swaumu atakwenda upande nacho. Gundi ya kurudia haikuwepo. Kopo lilikuwa jeupe ndani. Aliishika ngozi ya kwanza juu ya ya pili, akairudisha. Akafanya hivyo mara tatu.

Mwishowe akaenda nyuma ya nyumba akakata jani la mgomba, bichi, laini. Akalilaza juu ya ngozi yenye gundi, na juu ya jani akaiweka ile nyingine. Hazikushikana, jani lilizitenga. Sasa aliweza kusogeza, kulinganisha, kusogeza tena mpaka alama zote za mkaa zikakaa mahali pake. Akasema bismillahi. Akalivuta jani kidogo upande wa kisigino, ngozi zikakutana hapo, zikashikana. Akalivuta tena kidogo. Jani lilitoka polepole, na nyuma yake ngozi zilifungana moja baada ya nyingine bila kelele. Akapiga nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni.

Hivyo mpaka ya saba, mpaka mpira, mpaka soli ya kiatu. Jua lilipozama alikitumbukiza katika ndoo ya maji, akakiacha humo wakati wote wa magharibi. Alipokitoa, akakikunja, akakivuta. Kilikuwa kitu kimoja.

Alfajiri wanaume hawana kazi kwenye shughuli ya mwali. Zahoro alikaa barazani, mgongo kwa njia, kama inavyotakiwa. Wanawake waliteremka kisimani wakiimba, Mwanamvua na mtungi wake kiunoni, na sauti zao zikapotea mabondeni. Kisha kukawa kimya, kimya kirefu. Alijua kwamba sasa wanamtwisha.

Mwendo wa mkewe aliujua kuliko sauti yake. Hatua moja ndefu, moja fupi, ndefu, fupi. Aliusikia ukirudi shamba, ukitoka jikoni, aliusikia hata usingizini. Akatega masikio kuusubiri. Wanawake walikuwa wanapanda kilima sasa bila kuimba, na ukimya wao ulimwogopesha. Tone limedondoka, aliwaza. Wanamrudisha.

Kisha akazisikia hatua mbele ya wengine wote, naye hakuzitambua. Zilikuwa sawasawa. Moja, moja, moja, moja. Alidhani ni Mwanamvua, ndiye aliyetwishwa. Zikapita nyuma ya mgongo wake, zikaingia uani.

"Nani aliyesema mtungi wake kausugua?" Ilikuwa sauti ya Swaumu, inahema, inatetemeka.

"Mimi, wifi yangu," alisema Mwanamvua, naye analia waziwazi. "Mimi, mama. Utue, nikupokee."

Vigelegele vikapasuka mpaka kuku wakaruka ua.

Zahoro alingoja mpaka wote wakaingia ndani kumwogesha Zena. Akainuka, akashuka taratibu ile njia ya kisimani akiwa ameinama. Alama za mguu wa kulia na alama za mpira wa gari wa kushoto zilikuwa zimezama kina kimoja. Alitazama kati yake, alitazama pembeni, alichuchumaa kila penye kona. Aliposhuka mpaka mahali pa mwinuko mkali, akaweka kiganja chake chini. Vumbi lilikuwa kavu.